Mwenye Jina

Harufu ya dawa ya viatu ilianza kusikika kwenye chumba cha cherehani siku ya nne ya zile dua. Fundi alinusa vitambaa, akanusa mafuta ya cherehani, akainama hadi uvunguni mwa meza. Hakuona kiatu. Nyumba nzima walikuwamo wanawake wawili tu, yeye na shangazi yake, na wote walivaa kandambili.

Dua zenyewe zilikuwa wasia. Wiki moja kabla ya kufariki, baba yake alimshika mkono akamwambia, "Mwombee babu yako, utafute na habari zake. Alipigana vita ya wakubwa, akarudi na kibati hiki cha jeshi shingoni, na leo hakuna anayemkumbuka. Usiache jina lake lipotee." Basi kila baada ya sala ya alasiri fundi alikiweka kibati kwenye mswala, akamwombea babu kwa jina kamili na namba ya jeshi kama zilivyochongwa. Ofisi ya kumbukumbu za jeshi alishaiandikia, akiomba nakala ya jalada lake.

Siku ya sita zikaja hatua. Buti, halafu kitu kigumu, kama mchi ukigonga sakafu. Buti, mchi. Zilitoka uani, zikakoma nyuma ya kiti chake.

"Umeajiri mlinzi, mwanangu?" shangazi akauliza kutoka jikoni. "Mwambie avue viatu, nimepiga deki."

"Niko peke yangu, shangazi."

Shangazi akaja na tambara mkononi. Sakafu ilikuwa bado mbichi. Palikuwa na alama ya buti la kulia, na kando yake kiduara kidogo, buti na kiduara, hadi kwenye kiti.

Nakala ya jalada ililetwa Ijumaa. Fundi aliisoma kwa kufuatisha kidole. Jina lile lile, namba ile ile. Askari huyu alikatwa mguu wa kushoto chini ya goti, akafia hospitali ya kambi. Hakuoa. Hakuacha mtoto.

"Baba yangu alikuwa na miguu miwili," shangazi alisema polepole. "Alinibeba begani." Akakaa chini, akashusha sauti. "Aliniambia mara moja tu, akiwa na homa. Hakuwa askari, mwanangu. Alikuwa mpagazi, mbeba mizigo ya askari, na wapagazi hawakuandikwa. Vita ilipokwisha, wenye majina walipandishwa gari, wapagazi wakaachwa watembee. Rafiki yake askari alikuwa kitandani na kisiki cha mguu. Baba akamvua kibati."

"Akiwa amekufa?"

"Akiwa anamwangalia."

Hapo harufu ikajaa chumbani, dawa ya viatu na chini yake usaha na damu ya zamani, na hatua zikaanza tena uani, buti, mchi, buti, mchi, bila haraka, kama za mtu aliyetembea miaka mingi akifuata sauti inayomtaja kila alasiri, na sasa ameiona nyumba, ameuona mlango, na hana sababu ya kukimbia tena.

"Ni jini," shangazi akanong'ona.

Mwalimu wa madrasa, jirani yao, alipoitwa alisikiliza hadi mwisho. "Jini au mwenye jina, Mungu ndiye ajuaye," alisema. "Lakini huyu hafukuzwi. Umemwita mwenyewe. Mpe kilicho chake."

Alasiri ile fundi alikifunga kibati kwenye kitambaa cheupe, akakifukia nje ya ukuta. Kisha akarudi kwenye mswala, akainua mikono. Akamtaja askari, akamwombea yeye, si babu. Akamwombea babu msamaha kwa askari huyo. Hatua zikageuka. Buti, mchi, zikavuka uani, zikatoka getini, zikafifia barabarani. Harufu ikaondoka nazo.

Shangazi akafuta machozi kwa ncha ya kanga. "Sasa mwombee baba yangu."

Fundi akainua mikono tena. "Ewe Mola, mrehemu..." Akaishusha. "Shangazi, kabla ya lile jina, babu aliitwa nani?"

"Hakulitaja hadi anaingia kaburini."

Nje ya mlango kukasikika nyayo tupu, nzito, za mtu aliyebeba mzigo. Moja, mbili. Moja, mbili. Zikasimama kizingitini.

"Huyo ana miguu miwili," shangazi akanong'ona.

Aliyekuwa nje hakubisha. Alisubiri aitwe. Fundi akafungua kinywa, na kinywani hamkuwa na jina.