Shubiri Moja Kutoka Ardhini

Nusifa hakumwamini Hamuza tangu dakika ya kwanza, na alikuwa na sababu. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, kwenye duka la vifaa vya ujenzi, barabara kuu ya Jinja, watu wamebanana mbele ya kaunta kama wanagawiwa sukari ya bure. Nusifa, mtoto wa mtaa wa Mpumudde, hijabu ya bluu kichwani na buti za kazi chini ya gauni refu, aliona mkono wa mwanaume ukichukua shakeli, kile chuma cha kuunganisha mzigo na mnyororo wa kreni, bila hata kuigeuza.

"Ssebo, hiyo weka chini."

"Nyabo, mimi ndio nanunua."

"Haina alama ya uzito. Itabeba tani ngapi?"

"Itabeba tu."

"Hiyo 'itabeba tu' imeua watu wangapi?"

Mwanaume akaigeuza shakeli, akaitazama, akairudisha. Alikuwa mrefu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikono, na tabasamu la mtu aliyezoea kusamehewa. Hamuza Gidudu, akasema, wa Wanale kule Mbale, mwenye kreni yake mwenyewe.

"Na wewe ni nani, afande?"

"Mkaguzi pale kiwanda kipya cha unga. Hakuna kreni inanyanyua kitu bila sahihi yangu."

"Basi nimefika," akacheka Hamuza. "Ndiyo kazi nimekuja kuomba."

Shaka ikaingia hapo hapo. Mwanaume unayekutana naye kwa bahati, kumbe anataka sahihi yako, lazima umtazame mara mbili. Nusifa alimtazama mara mbili, kisha mara ya tatu, na ubaya ni kwamba alipendeza kila mara.

Wiki tatu simu zikawa haziishi.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Kreni yako ina uzito wa nyuma kiasi gani?"

"Mimi nauliza chakula, wewe unauliza chuma!"

"Jibu."

"Utanijibu wewe kwanza kama umenikumbuka."

Alikuwa amemkumbuka, tena sana. Alimpenda, nasema wazi, hata kama yeye mwenyewe angekana mbele ya kadhi. Lakini kila akikata simu alibaki akijiuliza: huyu ananitaka mimi, au anataka nitie sahihi?

Kazi yenyewe haikuwa ya mchezo. Tangi la chuma la tani tisa lilitakiwa kupandishwa juu ya jengo, na mtaro mpana uliizuia kreni kusogea. Ilibidi isimame mita kumi na nne kutoka mahali tangi litakapokaa. Watu wakisikia kreni ya tani hamsini hudhani inabeba hamsini popote. Si kweli. Mkono ukinyooka mbali, nguvu inapungua, na inapungua kwa kiasi gani imeandikwa kwenye kitabu cha chati kinachokaa ndani ya kibanda cha dereva. Nusifa aliiomba chati hiyo mara nne. Mara nne aliambiwa, "Nitakuletea, mpenzi."

Alhamisi mchana walikuwa wanakula samaki kando ya Nile, simu ya Hamuza ikalia. Jina likaonekana: Nasimiyu. Hamuza akasogea pembeni, akaongea Kimasaba, lugha ambayo Nusifa hajui hata salamu zake. Alishika maneno mawili tu: Jinja, na jina lake mwenyewe. Kisha kicheko.

"Nani huyo?"

"Mtu wa kazi."

"Na mimi nimeingiaje katika hiyo kazi?"

"Nusifa, bambi, nakuomba, nipe siku chache tu."

Hakumpa hata moja. Ijumaa asubuhi alikuwa Mbale bila kuaga, akauliza njia mpaka uwanja wa Hamuza chini ya mlima wa Wanale. Mlinzi alipoona kitambulisho cha mkaguzi akamfungulia. Nusifa akapanda kibandani, akafungua kitabu cha chati. Kurasa zote zilikuwepo isipokuwa moja, ile ya mita kumi hadi kumi na sita. Ilikuwa imetolewa kwa wembe, taratibu, na mtu asiye na haraka.

Nyuma ya ukuta akasikia kicheko anachokijua. Akachungulia langoni kwa jirani. Hamuza ameketi na kikombe cha chai, mbele yake mwanamke wa kitenge chekundu aliyelipa lango mgongo.

"Ukurasa uko wapi?"

Hamuza akaruka, chai ikamwagika. "Nusifa! Subiri nikueleze..."

"Unieleze nini? Ulipenda sahihi yangu, si mimi."

Uso wa Hamuza ukasawijika. "Unaamini hivyo?"

"Naamini ninachoona."

"Kale, sawa. Andika unachoona."

Gari la kurudi Jinja halijafika Busiu, Nusifa alikuwa ameshaandika HAPANA kwenye fomu ya kreni ya Hamuza, kwa herufi kubwa, huku anafuta machozi kwa ncha ya hijabu. Siku nne hakupiga simu. Hamuza naye hakupiga.

Jumatano asubuhi kreni ikaingia kiwandani. Haikuwa ya Hamuza. Hii ilikuwa kubwa zaidi, miguu minne mipana, na kwenye usukani mama wa miaka sitini hivi, miwani shingoni kwa kamba, kitenge chekundu juu ya suruali ya kazi.

"Huyu nani?" Nusifa akamuuliza Ouma, msimamizi wao kutoka Kisumu.

"Mama Nasimiyu. Si mtu wako ndiye amemleta?" Ouma akatoa karatasi kwenye faili. "Hukuiona hii? Mimi nilidhani unajua. Si nyinyi mnaongea kila siku?"

Nusifa, anayeamini karatasi kuliko watu, akaisoma. *Nilisema kreni yangu itaweza. Nimesoma chati. Kwa mita kumi na nne haiwezi. Najiondoa. Natafuta nyingine kubwa ili msichelewe. H. Gidudu.* Akatafuta tarehe. Jumanne ya wiki iliyopita. HAPANA yake ilikuwa ya Ijumaa.

Hamuza alikuwa nyuma ya tangi, ovaroli imechakaa, ameshika kamba ya kuongozea mzigo kama kibarua yeyote.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilijigamba kwako wiki tatu nzima. Niliona haya. Nilitaka nilete kreni kubwa kwanza, halafu niseme."

"Na siku ile kwenye simu mlikuwa mnacheka nini?"

"Mama Nasimiyu aliuliza kama huyo Nusifa ni mkali kweli. Nikamwambia njoo uone."

Nusifa akaisoma mwenyewe chati ya Mama Nasimiyu, akapima mita mwenyewe, akagusa kila mnyororo na kila shakeli, kisha akatia sahihi. Akainua mkono. Tangi likapanda shubiri moja kutoka ardhini, akakunja ngumi: simama. Ndivyo anavyofanya siku zote. Unanyanyua kidogo, unangoja, unaangalia kama kuna kitu kinateleza.

"Nusifa," Hamuza akaita, kamba mkononi. "Nataka kukuoa."

"Usinisemeshe mzigo ukiwa hewani!"

Hamuza akaongoza mzigo kwa kamba mpaka tangi lilipokaa juu na bolti ya mwisho ikakazwa. Ndipo akaja, akatoa mfukoni ukurasa uliokunjwa mara nne. Kwenye mita kumi na nne alikuwa amepiga mstari kwa kalamu: tani saba na nusu.

"Huu niliukata mimi. Nilikuwa nausoma kila saa, labda namba itabadilika."

Nusifa akaukunja, akautia kwenye mkoba wake. Kisha akampigia senga, dada wa baba yake kule Mpumudde, maana bila senga hakuna mwanaume anayefika nyumbani kwao.

"Senga, Jumapili kuna mtu nataka umkague."

Sauti ya senga ikasikika mpaka kwa Hamuza. "Ana kasoro?"

"Anazo." Nusifa akamtazama Hamuza, vumbi usoni na mikono imechubuliwa na kamba. "Anachelewa kuzisema, lakini anazisema."