Marobota ya Nyuma

Kila asubuhi, huko Kisaju, Nashipae alikamua ng'ombe wake kumi. Kisha alifungua ghala na kutazama nyasi zake kavu. Marobota mia nne, yamepangwa hadi juu! Hata hivyo moyo wake haukutulia. Kiangazi kilichopita kiliua ng'ombe sita. Walipoishiwa nguvu za kusimama, aliwainua kwa mkia mmoja mmoja, wakaanguka tena. Safari hii aliapa kwamba hatafiwa na hata mmoja.

"Tuko na siku mia moja mpaka mvua," alimwambia Lesiamon, ndugu wa marehemu mumewe. "Ng'ombe mmoja anakula kilo tano kwa siku. Wote kumi, siku mia, ni kilo elfu tano. Ziko?"

"Ziko na zinabaki, shemeji! Nimepima haya ya mlangoni. Kila robota ni kilo kumi na tano. Ghala lote ni kilo elfu sita."

Nzilani, afisa wa mifugo, alikuwa amekuja kuchanja mbuzi. Maneno hayo aliyasikia.

"Takwenya, Mama Seleyian," alimsalimu Nashipae kwa Kimaasai.

"Iko, daktari."

"Lesiamon, nani alipanga hizi nyasi?"

"Ni mimi."

"Na mbona haya yako mlangoni?"

Lesiamon alikuna kichwa. "Si mazuri huwekwa mbele, wageni wayaone?"

Kumbe! Nyasi zilishindiliwa kwa miguu ndani ya sanduku la mbao. Asubuhi vibarua walikanyaga kwa nguvu. Jioni, wakiwa wamechoka, walikanyaga kivivu tu. Marobota mepesi yote yalikuwa nyuma.

"Basi tupime yote mia nne?" Nashipae aliuliza.

"Hapana. Ishirini na tano yanatosha. Lakini yachaguliwe na kura, si macho yetu."

Waliyapa marobota namba kwa kuhesabu safu, kuanzia mlangoni hadi nyuma. Wakatia vikaratasi mia nne vyenye namba hizo ndani ya sufuria. Namba ya kwanza kutolewa ilikuwa ya robota la chini kabisa.

"Hili tuliache," Lesiamon alinung'unika. "Tuchukue jirani yake."

"Ni hilo hilo!" Nashipae alijifunga leso kiunoni, akalichimbua mwenyewe.

Walipomaliza kupima, wastani ulikuwa kilo kumi na mbili.

"Bado," Nzilani alisema. "Kura nyingine ingetupa wastani tofauti kidogo. Kwa hivyo tunajenga boma. Hujui ng'ombe amelala pembe gani, lakini unatarajia yuko ndani."

Aliangalia jinsi uzito ulivyotofautiana, akapiga hesabu. "Boma letu la wastani wa ghala lote ni kati ya kilo 11.2 na kilo 12.8. Tukipiga kura kama hii mara mia, na kila mara tujenge boma, karibu mara tisini na tano ukweli utakuwa ndani."

"Na hizo tano?"

"Ukweli utakuwa nje. Kura haiapi, mama. Lakini ukipima marobota mengi zaidi, boma linakuwa jembamba."

Kwa marobota mia nne, hizo zilikuwa kilo 4,480 hadi 5,120.

"Elfu tano imo ndani!" Lesiamon alishangilia. "Huenda zikatosha."

"Ng'ombe hawali huenda," Nashipae alijibu. "Mimi napanga na ile ndogo."

Wiki hiyo aliuza ng'ombe wawili sokoni Kitengela, wangali wanono. Mmoja alikuwa Narok, ng'ombe ambaye Nashipae alipewa siku ya harusi yake. Nashipae alilia, wala hakujificha. Lakini wanane waliobaki walihitaji kilo elfu nne tu.

Mvua ilichelewa. Malisho yalikuwa tayari siku ya mia na nane, na ghalani yalibaki marobota ishirini na matatu. Lesiamon alipiga hesabu kwa kidole mavumbini.

"Shemeji," alisema mwishowe, "kwa ng'ombe kumi tungeishiwa siku ya tisini na moja."

Nashipae alifungua lango. Ng'ombe wanane walitoka kwa miguu yao wenyewe. Hakuinua mkia wa hata mmoja.