Kitambaa Chekundu Nyuma ya Mashua

Selpher alikuwa jirani yetu kule Makongeni, ukuta kwa ukuta, na haya nayasimulia kama alivyomsimulia mama yangu siku aliyorudi kututembelea, chai ikiwa mekoni na mlango umerudishwa. Mama hakuwa mtu wa kutishwa na maneno. Lakini hii aliisikia mara moja tu, na hakutaka kamwe irudiwe mbele yake.

Mume wa Selpher, Javan, alikuwa fundi wa mbao kwenye karakana ya reli. Kazi ilipokwisha, ule mwaka ambao wengi walirudishwa nyumbani, aliambiwa aiachie nyumba ya reli. Wenzake walikwenda kupanga vyumba huku na huku. Javan yeye alinunua mbao soko la Gikomba na kuanza kuunda mashua uani, kati ya kamba za nguo na bomba la maji. Kwao ni Bunyala, kando ya ziwa, na alikuwa ameapa kwamba harudi huko mikono mitupu. Watu walimcheka hadi mbavu zikawauma. Wakambandika jina la Nuhu. Watoto walipita wakimwuliza mvua inakuja lini, naye akiwajibu bila kuinua kichwa kwamba nafasi ya nyani imeshajaa.

Selpher hakucheka. Alizaliwa Makongeni, hakuwahi kuishi kwingine, na ziwa alilijua kwa picha ya kalenda. Tena alikuwa mjamzito. Mimba mbili za kwanza zilikuwa zimetoka kabla hata hajathubutu kushona nguo za mtoto. Hii ya tatu ilikuwa imefika mbali, na mtoto alicheza tumboni mchana kutwa. Kila alipocheza, Selpher alisimama, akaweka mkono, akashukuru. Hakutaka mashua wala samaki. Alitaka mtoto huyu azaliwe hai, basi.

Siku ya kuhama ilikuwa Jumamosi yenye jua zuri. Muasya, Mkamba mmoja aliyekuwa akisomba mbao Gikomba kwa Landrova yake kuukuu, ndiye aliyekubali kuwapeleka. Mashua ilipandishwa kwenye trela lililoungwa na mafundi wa soko hilohilo. Godoro, masufuria, cherehani na viti vikapangwa ndani ya mashua, kisha ikafunikwa kwa turubai na kukazwa kwa kamba.

"Huyu mzigo ni mrefu," Muasya alisema akizunguka nyuma. "Hapa lazima tufunge kitambaa nyekundu, ama polisi watatusumbua mpaka huko Uganda."

Hawakuwa na kitambaa chekundu. Selpher akavua kilemba chake, akakichana katikati, akakifunga mwenyewe kwenye mkia wa mashua, fundo juu ya fundo, kama alivyozoea kufunga vifurushi vyake. Jirani wa upande wa pili, Wacuka, alikuwa amekuja kuaga. Alikitazama kile kitambaa, akalitazama lile turubai refu, akamvuta Selpher kando.

"Mama, si hiyo imekaa kama gari ya matanga?"

Selpher alicheka kidogo kwa adabu. Lakini walipoingia Jogoo Road, mzee mmoja aliyekuwa akisubiri kuvuka alivua kofia na kuinamisha kichwa mpaka wakapita.

Basi ikawa hivyo njia nzima. Kule kwetu kila mtu anajua kwamba gari lenye kitambaa chekundu, linalokwenda polepole kuelekea magharibi na kitu kirefu kilichofunikwa, linampeleka mtu kwao kuzikwa. Kule Naivasha wanawake wa kuuza karoti waliweka mikono kifuani. Hapo Nakuru walipokula, mwenye hoteli alimletea Selpher chai ambayo hakuiagiza, akamwambia, "Pole sana, mama. Mungu ndiye anajua." Selpher alitaka kumweleza kwamba hapana, ni mashua tu. Lakini mwenye hoteli alikuwa ameshageuka. Akainywa ile chai, na ilimshuka kama mawe.

"Tukitoe hicho kitambaa," alimwambia mumewe.

"Muasya anasema ni sheria," Javan alijibu. "Watu wakitupa pole, zinatuuma wapi?"

Ukungu uliwapokea Timboroa. Ilikuwa bado mchana, lakini kule juu huwezi kujua. Misonobari ilionekana nusu nusu, na Muasya aliendesha akiwa ametoa kichwa dirishani. Ghafla mbele yao pakatokea kizuizi cha polisi: pipa, ubao, nguzo nyeupe ya mawe kando ya barabara, na askari mmoja katika koti refu.

Trela halikuwa na taa wala kibali. Muasya alianza kulaani kwa Kikamba chini chini. Javan akamshika mkono, akateremsha kioo.

"Mnabeba nini?" askari aliuliza.

"Maiti, afande."

Alilisema upesi, kama mtu anayeruka mtaro. Selpher aligeuka akamtazama. Askari alivua kofia, akashusha sauti.

"Poleni. Marehemu ni nani?"

"Tobias."

Katika ukoo wa Javan hakukuwa na Tobias. Baadaye alikula yamini kwamba jina hilo lilimjia tu, wala hakumbuki kulifikiria.

"Ni nani wako?"

Hapo Javan alisita. Askari alikuwa akimtazama Selpher, uso wake uliobadilika rangi, mikono yake miwili juu ya tumbo. Javan naye akamtazama, akaona njia ya kupitia.

"Mwanangu," alisema.

Askari alijipiga ishara ya msalaba, akausogeza ubao mwenyewe. Walipita. Nyuma yao pipa likamezwa na ukungu, na nguzo nayo. Mbele kidogo Muasya akakunja uso, akabadilisha gia, akaibadilisha tena.

"Ajabu," alinong'ona. "Gari imekuwa nyepesi. Ni kama tumeshusha mtu."

Selpher hakumsikia vizuri. Alikuwa akisikiliza tumbo lake. Mtoto alikuwa ameacha kucheza.

Walilala Eldoret, kwenye kituo cha petroli. Selpher hakulala. Alikunywa maji baridi, akalala ubavu, akasimama, akaimba polepole wimbo ambao mtoto huupenda. Hakuna. Tumbo lilikuwa kimya kama chumba kilichohamwa. Asubuhi alimwambia mumewe, na Javan, mtu wa maneno mengi, alikaa kwenye ngazi ya gari akashika kichwa. Alilia. "Nilitaka tupite tu," alisema. "Nilitaka tupite tu, Selpher." Walipoikagua mashua kabla ya kuondoka, kamba zote zilikuwa sawa na turubai lilikuwa sawa. Kitambaa chekundu hakikuwapo.

Mbele ya Turbo, wakipanda kilima kwa mwendo wa kobe, mwuza maziwa mmoja aliwafikia kwa baiskeli na kugonga mlango.

"Nyinyi," alisema akihema. "Mbona mnamwacha mtoto? Anawakimbilia huko nyuma."

Muasya alisimamisha gari. Wote watatu walishuka, wakatazama. Barabara ilikuwa nyeupe kwa jua, na tupu. Mwuza maziwa naye aliangalia. Alipanda baiskeli akaenda zake, na kila mara aligeuka kutazama nyuma.

Walifika daraja la Nzoia saa za adhuhuri. Pale penye mwanzo wa daraja, Landrova ikazima. Muasya alifungua boneti, akagusa hiki na kile, akajaribu tena. Ikazima. Alijaribu mpaka betri ikaanza kuchoka. Kando ya barabara palikuwa na mama mmoja mkongwe aliyeanika mihogo. Alikuwa akiwatazama kwa muda mrefu. Hatimaye alikuja upande wa Selpher.

"Mnampeleka nani?"

Selpher alilishika tumbo lake.

"Hamjamwambia kwamba mnavuka," yule mama alisema kwa upole, kama mtu anayemfundisha bintiye kupika. "Aliyekufa ugenini havuki maji hivi hivi. Mnamtaja jina, mnamwambia. La sivyo atabaki ng'ambo hii, na nyinyi mtabaki naye."

"Hakuna maiti, mama," Javan alisema. "Ni mashua. Ni mashua tu hii."

Yule mama hakuitazama mashua. Alikuwa akitazama nyuma ya trela, chini, mahali ambapo mtoto mdogo angeweza kusimama.

Mambo haya Selpher aliyajua. Aliwahi kusafiri na mwili wa shangazi yake, akasikia wazee wakizungumza naye kwenye kila mto. Aliyajua, na ndiyo maana aliogopa. Lakini tumbo lilikuwa kimya tangu jana. Unapokuwa na mtoto aliyenyamaza tumboni, utazungumza na chochote. Alishuka. Akasimama nyuma ya mashua, akashika mbao.

"Tobias," alinong'ona. "Tunavuka sasa. Panda. Twende nyumbani."

Akapigwa teke.

Ndani, chini ya mbavu, kwa nguvu ambayo hakuwahi kuisikia. Alipiga magoti barabarani akilia kwa furaha, Javan akimkumbatia na kulia naye. Gari liliwaka mara moja. Walipokuwa katikati ya daraja Muasya alikanyaga mafuta, akakanyaga tena.

"Sasa imekuwa nzito," alisema.

Mtoto alizaliwa Bunyala, wa kiume, mzima, mwenye mapafu ya kupulizia tarumbeta. Alilia tangu alipotoka. Alilia jioni ile na kesho yake, akakataa kunyonya, akawa wa bluu midomoni. Mama yake Javan, Nasike, hakushangaa. Kwao mtoto akilia hivyo ni kwamba mmoja wa waliotangulia anataka jina lake. Alimbeba akaanza kuwaita, mmoja mmoja, taratibu: Wandera. Mugeni. Okumu. Aliita mpaka wa kale ambao hakuna aliyewakumbuka ila yeye. Mtoto alizidi kulia. Javan alikuwa amesimama mlangoni, ameupa ukuta uso. Alijua. Selpher pia alijua. Alingoja mpaka sauti ya mtoto ilipoanza kukatika, kisha akasema kutoka kitandani:

"Mwite Tobias."

Mtoto alinyamaza papo hapo. Akafungua macho, akatazama watu wote waliokuwamo, akanyonya.

Alikua vizuri. Selpher alimwambia mama yangu hivyo na kulirudia: alikua vizuri, mtoto mtiifu, ninampenda. Hakuwa msumbufu ila kwa jambo moja. Hakuvuka maji mpaka aambiwe. Hata mtaro wa mvua, atasimama ukingoni, atangoja.

Tobias alipokuwa wa miaka minne, dada yake Selpher aliyekuwa amehamia Buruburu, karibu na Makongeni, alifunga ndoa. Muasya alikuwa ameleta mzigo Busia, akawapa yeye na mtoto nafasi wakati wa kurudi. Nzoia, Selpher alimwambia mtoto kwamba wanavuka, kama kawaida, naye akaitikia kwa kichwa, wakavuka. Walifika Timboroa kukiwa kweupe, hakuna ukungu, hakuna kizuizi tena. Ile nguzo nyeupe tu ndiyo iliyobaki.

Tobias alikuwa amelala mapajani. Aliamka.

"Hapa," alisema.

"Hapa nini, baba?"

"Hapa ndipo Baba aliponiita."

Muasya alikanyaga breki bila kuambiwa. Gari lilisimama kando.

"Nilikuwa nimekaa pale," mtoto alisema akionyesha misonobari. "Baba akaniita. Yule wenu akashuka. Mimi nikawafuata kwa miguu mpaka mtoni."

Aliyasema kama mtoto anayeeleza alivyoshinda akicheza. Kisha akaonyesha nguzo.

"Bado anawangoja."

Selpher aliteremka. Alitembea mpaka kwenye nguzo. Kitambaa chekundu kilikuwa pale. Kilikuwa kilemba chake, kipande kilekile, na kilikuwa kimefungwa chini, usawa wa kifua cha mtoto wa miaka minne. Fundo juu ya fundo. Lilikuwa fundo lake, lakini limefungwa ovyo ovyo, na vidole visivyojua bado.

Alizunguka akatazama. Misonobari. Nyasi. Upepo. Alifungua mdomo amwite mwanawe yule aliyeshuka aje apande gari. Hapo ndipo, alimwambia mama yangu, alipoelewa walichofanya. Walimbeba miezi yote ile, wakampoteza, na hawakuwa wamempa jina. Hakuwa na jina la kumwitia.

Nyuma yake, kutoka dirishani, Tobias alisema kwa sauti ndogo, "Mama, twende nyumbani."

Mama yangu alimwuliza alifanya nini. Selpher alisema alipanda gari. Kisha akafungua mkoba, akakitoa kile kitambaa, akakiweka mezani mbele ya mama. Kilikuwa kimelowa, na kilikuwa na baridi ya kule juu.

Mama alikitoa nje akakianika kwenye kamba, pale uani palipoundwa mashua. Ilikuwa Januari, na jua la Makongeni lilikuwa kali. Nguo zetu zote zilikauka kabla ya saa sita. Kile hakikukauka siku ile, wala siku zilizofuata.