Mabati Sita ya Mkaguzi

Mwizi aling'oa mabati sita juu ya kitanda cha mkaguzi wa majengo, na hakugusa kitu kingine. Televisheni ilikuwapo. Redio ilikuwapo. Kitanda nacho kilikuwapo, kimelowa chapachapa kwa mvua ya asubuhi. Inspekta alisimama kando yake akiyatazama mawingu katikati ya mbao za kenchi.

"Jumatatu niliondoka kikazi," mkaguzi alisema. "Leo Alhamisi narudi, nakuta chumba hakina paa. Mwizi nimeshawakamatia, yumo garini mwenu. Majirani waliiona ngazi yake ikitoka uani kwangu."

Aliyekuwa garini, pingu mikononi, alikuwa fundi bati wa mtaa ule, mtu mzima mwenye heshima zake. Inspekta alikuwa ameshamhoji.

"Ngazi ni yako?"

"Yangu."

"Uliitumia kung'oa mabati?"

"Nilimwazima mtu."

"Nani?"

"Mtu mwenye shida."

"Mtaje, la sivyo unalala mahabusu na kesho upo kizimbani."

"Basi nipelekeni, afande."

Alikuwa radhi afungwe, na jambo hilo lilimkera Inspekta. Lililomkera zaidi lilikuwa juu ya kenchi. Mbao hazikuchanika hata kidogo. Misumari ilikuwa imetolewa mmoja mmoja, taratibu, na sakafuni hapakubaki hata mmoja. Katika miaka yake yote ya upelelezi alikuwa hajapata kuona mwizi anayeokota misumari.

"Nyumba hii inavuja wapi?"

"Haivuji," mkaguzi alijibu.

Mkewe alikuwa mlangoni, mikono kifuani. Akacheka puani.

"Mpeleke kwa mama yako," alisema.

"Kule ni matone mawili matatu tu. Nilishapanga kupashughulikia."

Inspekta hakungoja kualikwa. Chumba cha nyuma kilinuka ukungu. Ukuta ulikuwa na michirizi myeusi toka juu hadi chini, plasta imebanduka, na ubao wa dari ulikwisha oza ukaondolewa. Mama wa mkaguzi alikuwa ameketi kitandani, shuka mabegani, akikohoa kikohozi cha mtu aliyekizoea.

"Shikamoo, mama. Mvua ya leo imekufikia?"

"Marahaba. Leo nimeisikia tu, mwanangu."

Beseni lilikuwa sakafuni, kavu kabisa. Inspekta akainua macho. Katikati ya mabati yaliyoliwa na kutu yalimeremeta mabati sita ya buluu, yamepigiliwa kwa mstari ulionyooka.

"Mabati yangu," mkaguzi alisema.

Inspekta akamgeukia mke. "Nani alipanda?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Peke yangu," alijibu upesi. "Fundi aliniazima ngazi na kunielekeza mahali pa kukanyaga, basi. Mfungueni. Hana kosa."

Inspekta alipiga simu garini, fundi akafunguliwa. Kisha akauliza alichoulizwa kila mwizi tangu polisi waanze kazi.

"Kwa nini?"

Mke akatoa bahasha chini ya godoro la mama mkwe wake. Ndani mlikuwa na fomu saba zenye nembo ya ofisi ya mumewe.

"Hizi ni ilani za ukarabati. Anazigawa mji mzima. Watu wanapewa siku kumi na nne, wanahaha kutafuta mafundi. Na mimi nikamjazia zetu. Soma ya kwanza."

Inspekta akasoma. Miaka minne nyuma: msumari mmoja umelegea.

"Mmoja, afande. Kazi ya dakika tano. Akasema wiki ijayo. Ya pili, bati limetoboka. Ya tatu, dari. Ya nne, mbao. Ya tano na ya sita, ukuta. Ya saba ni kifua cha mama. Amelazwa mara mbili mwaka huu, na daktari amesema akilowa tena hatuhakikishii uhai wake."

"Ungeniambia vizuri," mkaguzi alisema.

"Nimekuambia mara saba, kwa lugha ya ofisini kwako. Na chini hapo mmeandika wenyewe: mwenye nyumba akishindwa, kazi itafanywa bila idhini yake. Siku zako ziliisha Jumatatu."

Mkaguzi aliiona bahasha ile mikononi mwa polisi, akapiga hesabu za cheo chake. Akashusha sauti.

"Inspekta, haya ni mambo ya ndani. Nafuta malalamiko."

Inspekta alishaanza kufunga daftari, na kusema kweli alifurahi.

"Hayafutwi," mke alisema. Akavuta kigoda, akaketi. "Niandike. Andika nimekiri. Nishtakiwe, na yeye asimame mahakamani aeleze. Ila mabati hayashuki."

"Ukitia saini, sitakuwa na namna ya kukusaidia."

"Sijaomba msaada. Miaka minne mama anakohoa humu, na aliyeandika ni mimi peke yangu. Sasa iandike na serikali."

Inspekta akafungua tena daftari, akatoa kalamu.

Mkaguzi akamgeukia mama yake, kama mtoto anayetaka kutetewa. Mama akajifuta mdomo kwa ncha ya shuka, akanyoosha mgongo.

"Ukimaliza na huyu, mwanangu, niandike na mimi," alimwambia Inspekta. "Amekudanganya. Ngazi niliishika mimi."