Katuni ya Bibi Misitu

Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya kengele ya mstari, wanafunzi wa shule ya Mwakunde walikimbilia ubao uliokuwa nje ya ofisi ya mwalimu mkuu. Hilo ndilo lililokuwa gazeti lao la ukutani. Kulikuwa na habari za mpira, kulikuwa na vitendawili, na pembeni kulikuwa na katuni ya Mwero wa darasa la sita. Habari za mpira hazikuwa na msomaji. Mbele ya katuni watoto walisukumana mpaka vifungo vya mashati vikakatika.

Mwero alijaliwa mkono wa kuchora, na mwaka ule alikuwa amempata mtu wa kumchora kila wiki. Mtu huyo ni Bi Mwanarusi, mjane aliyeishi jirani na kwao.

Bi Mwanarusi hakuwa na mazungumzo mengine ila mikoko. Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Mahoteli yalikuwa yakijengwa Diani, na mwenye tanuri la chokaa alinunua kila mzigo wa kuni aliopelekewa. Watu waliingia horini, penye mkono wa bahari, kukata mikoko asubuhi na jioni. "Zamani tulikatazwa na bwana misitu wa Kizungu," walisema. "Sasa miti ni yetu." Bi Mwanarusi alikwenda nyumba hadi nyumba akiwaeleza kwamba mikoko ikiisha, maji ya chumvi yataingia katika mabonde ya mpunga yaliyo nyuma yake, na mpunga hauwezi chumvi. Baadhi ya wanawake walimsikiliza. Wengine walimwona msumbufu tu.

Basi Mwero akamvika kofia ya pama kama ya bwana misitu, na kumpa jina la Bibi Misitu. Katika sehemu ya kwanza, Bibi Misitu alimkamata mzee mmoja kwa kosa la kukata mswaki bila kibali. Katika sehemu ya pili, aliufunika mkoko kwa leso ili usishikwe na baridi. Mwalimu Katana, aliyesimamia gazeti lile, alicheka mpaka akavua miwani. Mwero kuona hivyo akavimba kichwa. Sehemu ya tatu akaichora bila kujiuliza mzaha unaishia wapi. Bibi Misitu alikuwa ameukumbatia mkoko, macho ameyafumba, naye akisema: "Mume wangu wa pili, nani atakukata nami ningali hai?"

Maneno hayo hayakulala shuleni. Jioni ile watoto walimfuata Bi Mwanarusi njiani wakimwimbia, "Mumeo anakatwa!" Kesho yake watu wazima waliyasema dukani na kisimani. Mwero aliyasikia, akatabasamu. Ni utani tu, alijiambia, na bibi na mjukuu wana utani wao.

Jumatano, wakati wa mapumziko, Bi Mwanarusi alifika shuleni, akasimama mbele ya ubao. Hakujua kusoma. Mwero alitaka kuteleza nyuma ya darasa, lakini alikwisha kuonekana.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimeambiwa mchoraji ni wewe. Huyu ni mimi, sivyo?"

"Ni wewe, bibi."

"Nami nimeushika mkoko. Haya, nisomee maneno yake. Mimi sikupelekwa shule."

Mwero aliyatazama maneno yake mwenyewe. "Yanasema…" Akaweka kidole chini ya neno la kwanza. "Yanasema, 'Tuilinde mikoko yetu. Tumsikilize Bi Mwanarusi.'"

Bi Mwanarusi alijifuta macho kwa ncha ya leso yake. "Kumbe," alisema. "Nami nilidhani mnanicheka. Mungu akuzidishie, baba. Kesho kuna baraza la chifu. Mwenye tanuri anaomba ruhusa ya kukata mikoko yote iliyo mbele ya mpunga. Walikuwako wanawake wa kwenda nami, lakini wote wamerudi nyuma, wala sijui wameambiwa nini. Njoo na picha hii uwasomee. Wakimsikia mtoto wa shule, huenda wakaona haya."

"Ndiyo, bibi," alijibu Mwero. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Nyumbani alimkuta mama yake akipakua wali.

"Mama, kesho utakwenda barazani?"

"Nifuate nini?"

"Si bonde letu ndilo lililo karibu zaidi na mikoko?"

Mama aliuweka upawa chini. "Ndilo. Na mimi ndiye niliyetangulia kumwahidi Bi Mwanarusi kwamba tutakwenda pamoja. Jana nimefika kisimani, nikaulizwa kama nami nimeolewa na mkoko, niwe mke mwenza wake. Walicheka wote, mpaka rafiki zangu. Sitakwenda, mwanangu. Siwezi kusimama mbele ya chifu nikachekwa vile."

Mama hakujua maneno yale yalianzia wapi. Mwero alijua. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Alitazama wali mbele yake, wali wa bonde lile lile, akausukuma kando. Aliona aibu kwa ajili ya mama yake, aliona aibu zaidi kwa ajili ya Bi Mwanarusi, na uwongo wa asubuhi ndio uliomchoma kuliko yote.

Aliondoka bila kula. Alipitia shuleni, akazibandua picha zote tatu, akaenda nazo kwa Bi Mwanarusi. Alimkuta kibarazani akisuka ukili wa mkeka.

"Bibi, nilikudanganya. Maneno siyo niliyokusomea."

"Nisomee yalivyo."

"Bibi, tafadhali…"

"Nisomee. Yote."

Mwero alisoma. Kwenye mswaki, midomo ya Bi Mwanarusi ilikaribia kucheka. Kwenye picha ya mwisho, mikono yake iliacha kusuka.

"Mume wangu alikuwa mtu wa mzaha sana," alisema. "La mswaki angelicheka. Hili la mwisho asingelicheka."

Machozi yalimtoka Mwero. "Nilidhani ni utani, bibi."

"Utani husemwa usoni, mwenzio akapata kujibu. Wewe umenitania mgongoni, kisha ukanidanganya usoni. Nenda nyumbani. Kesho uje barazani, na picha uje nazo."

Mwero alipofika nyumbani alimweleza mama yake kila kitu. Mama hakumpiga. Alimtazama tu, na Mwero aliona heri angepigwa.

Barazani, mwenye tanuri alisema maneno matamu juu ya kazi na maendeleo, na watu wakatikisa vichwa kukubali. Bi Mwanarusi aliposimama, sauti ikatoka nyuma: "Mumeo hajambo?" Kicheko kikaenea. Bi Mwanarusi alimwita Mwero mbele.

"Waonyeshe. Wasomee kama ulivyonisomea jana jioni."

Mwero alisoma, watu wakicheka kila picha. Masikio yalimwaka moto. Alipomaliza, aliugeukia umati. "Maneno haya nimeyatunga mimi. Bi Mwanarusi hakuyasema kamwe. Kisha aliponiomba nimsomee, nikamdanganya. Nimemkosea."

Vicheko vilikatika.

"Mmesikia," alisema Bi Mwanarusi. "Amenitania, na mtani ana haki ya kujibu. Basi nakubali, mkoko ni mume wangu. Hanidai chakula. Hanifokei. Bahari ikija na hasira zake, yeye ndiye anayesimama mlangoni, na nyuma yake umelala mpunga wenu nyote. Enyi wanawake wa mabondeni, mnaokula mpunga ule, mume wetu ni mmoja. Wake wenzangu wako wapi?"

Upande wa wanawake mtu mmoja akasimama, naye ni mama yake Mwero.

"Mimi hapa," alisema.

Akasimama na mwingine, na mwingine, mpaka upande mzima ukawa umesimama. Watu walicheka tena, lakini safari hii walicheka pamoja na Bi Mwanarusi, na chifu mwenyewe akashindwa kujizuia. Mwishowe aliamua kwamba mikoko ya mbele ya mpunga isiguswe. Mwenye tanuri akaambiwa anunue vigogo vya minazi iliyokufa.

Watu walipotawanyika, Mwero alimwendea Bi Mwanarusi kumwomba radhi.

"Nimekusamehe," alisema Bi Mwanarusi. "Lakini bado linauma, nawe ujue hivyo."

Mwalimu Katana, aliyekuwa amesimama karibu, alivua miwani yake, na safari hii hakuwa akicheka. "Nami niwie radhi, Bi Mwanarusi. Mtoto alichora, mwalimu akachekelea." Kisha akamgeukia Mwero. "Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Mkono wako ni mzuri, usiuache. Lakini kabla hujamchora mtu, jiulize kama utaweza kusimama mbele yake ukamsomea maneno yako. Ukiona huwezi, jua huo si mzaha tena, ni uonevu. Neno hilo nilipaswa kukuambia siku ya kwanza."

"Ndiyo, mwalimu," alisema Mwero, asiweze kuinua macho.