Nani Kahamisha Makinda?

"Mwizi wa ndege wewe! Mtu mzima huna haya?"

"Rudia tena uone, Dobi! Nitakukunja, hata hiyo pasi yako isikunyooshe!"

Asubuhi ile uchochoro ulikuwa umefurika. Shangazi Sindano, mshonaji na katibu wa klabu ya mazingira ya mtaa, aliacha suruali ya mteja ikining'inia kwenye cherehani, akapenya katikati ya watu. Ugomvi wa majirani kwake ulikuwa kitafunio cha chai. Lakini alipotazama ukuta wa karakana ya baiskeli, utamu wote ulimwisha. Kisanduku cha ndege kilichotundikwa na klabu kilikuwa kimetoweka na makinda yake. Ilibaki misumari mitupu. Na mtaa mzima ulikuwa umealikwa kuja kuwatazama jioni hiyo hiyo!

"Kila siku analalamika wanamnyea baiskeli zake," alifoka Dobi, mwanachama mfupi mwenye sauti kubwa kuliko mwili. "Nani mwingine?"

Mwenyekiti wa klabu, ambaye ndiye mama mwenye nyumba, alimgeukia fundi baiskeli, aliyeitwa Mlingoti kwa urefu wake, na aliyeishi na familia nyuma ya karakana. "Wasipopatikana leo, fungasha spana zako. Karakana naifunga."

"Twende wapi na watoto, mama?" mke wa Mlingoti aliuliza.

"Ngojeni," alisema Shangazi. "Mmeshahukumu na mimi sijauliza hata swali moja. Mlingoti, nyoosha mkono."

Mlingoti aliigusa misumari bila hata kuinua kisigino.

"Haya. Sasa tazameni chini."

Chini ya misumari, udongo mwekundu ulikuwa umebonyea, kama uliokandamizwa na mawe yaliyopangwa. Mawe yenyewe yalikuwa kwenye bustani ya kando, katika udongo mweusi, kila moja limetulia katika shimo lake. Shangazi alilipindua moja. Tumboni mwake kulikuwa na tope jekundu, bado bichi. Chini yake jongoo kajikunja, hana habari ya dunia.

"Mwizi gani huyu anayerudisha mawe ili jongoo asikose nyumba?"

Wanachama wakatazamana. Katika matembezi yao, ukiinua jiwe ni lazima ulilaze ulivyolikuta. Hata usingizini wangelirudisha.

"Ni mmoja wetu," alisema Shangazi. "Na ni mfupi."

"Hata wewe ni mfupi, Shangazi!" Dobi alidakia. Watu wakaangua kicheko.

"Kweli kabisa. Basi tumuulize shahidi. Nyamazeni!"

Ndege mama alikuwa ametua juu ya ukuta, kiwavi mdomoni.

"Angekuwa amepoteza wanawe, kiwavi huyo angempelekea nani?"

Ndege aligeuza kichwa huku na huku, akaruka ua wa jirani, akajipenyeza nyuma ya mashuka yaliyoanikwa kwa Dobi. Vikasikika vilio vyembamba vya njaa.

"Dobi, mwanangu, utasema mwenyewe au nikafunue mashuka?"

"Niliwaambia mkutanoni! Umati wote huo, makelele, simu usoni mwao, na hata manyoya hawajaota. Mkanicheka. Nikasema niwafiche hadi jioni ipite. Mwenyekiti aliponiuliza asubuhi, nikababaika, nikamtaja Mlingoti."

"Ukababaika ukambebesha mwenzako mzigo wako?"

"Nilikosa, Shangazi."

Mwenyekiti alimgeukia Mlingoti. "Fundi, nisamehe. Karakana ni yako. Na Dobi alikuwa na hoja: hakuna kuwatazama hadi waruke."

Mlingoti alichukua waya na koleo, akaingia uani kwa Dobi.

"Umekifunga kwa kamba ya nguo?" sauti yake ilisikika. "Upepo ukija je? Hebu shika hapa, mkorofi wewe."

Walipotoka, Dobi alitaka kujipenyeza pembeni, macho chini. Mke wa Mlingoti alimzibia njia, mwiko mkononi.

"Unakwenda wapi, shemeji? Nawa mikono uingie, chakula kinapoa."