Dakika Mbili Juu ya Sanduku

Jumamosi moja ya mwaka 1965, Nashon Oundo alivuka mpaka kutoka Busia kwenda Tororo kununua karatasi za picha, na alipokatiza sokoni akamkuta msichana akizihutubia nyanya. Kati ya wauza nyanya na wauza dagaa palikuwa na sanduku tupu la sabuni. Juu yake alisimama msichana wa sare ya shule. Alikuwa ameanza vizuri, kwa Kiingereza, kueleza faida za kusoma magazeti, kisha maneno yakamkauka. Wenzake saba walisubiri chini na madaftari yao. Mwalimu wao, mwanamke mrefu aliyevaa gauni la kijani lililobanwa kiunoni kwa mkanda mweupe, alitazama saa yake bila haraka.

"Goretti, sauti ambayo haifiki kwa mama wa dagaa haitafika nyuma ya ukumbi," alimwambia. "Anza tena."

Nashon alicheka. Hakucheka kwa ubaya, ila alikuwa mtu wa kucheka. Mwalimu akageuka.

"Wewe bwana mwenye kamera. Njoo upande hapa. Dakika mbili."

"Mimi, mwalimu? Nizungumze nini?"

"Kitu yoyote. Hata jina yako."

Kiswahili chake kilikuwa cha upande wa Uganda, kifupi, kisichojisumbua na ngeli, na masikioni mwa Nashon kilikuwa kitamu kuliko kile sahihi. Alipanda. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake: kutoka juu ya lile sanduku soko lote lilikuwa macho matupu.

"Naitwa Nashon Oundo," alisema. "Napiga picha. Busia." Akashuka.

"Sekunde sita," mwalimu alisema, na wanafunzi wakaangua kicheko. "Hata mama wa dagaa amesema mingi kuliko wewe."

Mwalimu huyo aliitwa Felistus Alungat, Mteso wa Mukuju, na alifundisha Kiingereza katika shule moja ya sekondari pale Tororo. Nashon alikuwa Msamia wa Busia ya Kenya, mwenye studio ya mabati na elimu ya darasa la nane. Jumamosi iliyofuata karatasi za picha zilimwishia tena, na iliyofuata vilevile. Kwa kweli alikuwa nazo za kutosha mpaka Krismasi, lakini aliyependa hakosi safari.

Ulimi ulipomshinda, alianza kuandika. Kila barua aliyompelekea Alungat ilirudi katika bahasha mpya, imesahihishwa kwa wino mwekundu kama insha ya mwanafunzi. Aliandika kwamba uzuri wake hauna kifani, akarudishiwa: "Hii umekopa kwa watu. Andika kitu umeona kwa macho yako. Tano juu ya kumi." Akaandika jinsi anavyouma kifuniko cha kalamu anapomsubiri mwanafunzi amalize sentensi. Akapata saba, na chini yake maneno: "Hapa nimejiona. Endelea, bwana picha."

Mwezi wa saba aliandika barua ya mistari minne, akimwomba awe mke wake, avuke, waishi Busia. Siku tatu baadaye aliitwa kwenye duka la Kanji, lililokuwa na simu ya pekee pale mtaani.

"Bwana picha, Ijumaa tuko na mdahalo," Alungat alisema. "Mkuu wa shule anataka mpiga picha. Njoo."

"Nije kwa picha au nije kwa jibu langu?"

"Njoo kwanza. Jibu nitakupa mdahalo ikiisha. Na uvae ile tai ya bluu."

"Ile inaninyonga, mpenzi."

"Ndiyo maana naipenda."

Basi Ijumaa Nashon alisimama ukumbini nyuma ya kamera yake ya miguu mitatu, tai ikimnyonga. Siku ile walimu ndio waliokuwa wakijadiliana, wanafunzi wapate kuona jinsi kazi inavyofanywa. Hoja ilikuwa imeandikwa ubaoni kwa Kiingereza: msichana na aolewe katika nchi yake. Alungat akasimama kuiunga mkono, na Kiingereza alichokuwa nacho Nashon kilitosha kabisa kumuumiza.

"Mwanamke anayevuka mpaka kwa ajili ya mume," alisema, kwa sauti iliyofika nyuma ya ukumbi na kupita, "anafika ng'ambo akiwa mgeni, anazeeka akiwa mgeni, na watoto wake watajifunza kuicheka lugha ya mama yao."

Wanafunzi walipiga meza kwa furaha. Nashon alikuwa amekwisha kumpiga picha, mkono juu, uso ukiwaka.

Kwao Nashon, mtu akisimama barazani akasema, amesema lililo moyoni mwake, na atakumbushwa mpaka uzeeni. Hakuna aliyewahi kumweleza kwamba shuleni mtu hupewa upande wa kusemea. Aliamini kwamba lile ndilo jibu lake, na kwamba ameitwa alisikie pamoja na watu mia mbili. Akakunja miguu ya kamera kabla ya kura kupigwa, akapanda basi. Moyo ulimuuma njia nzima.

Jumatatu Kanji alimwita tena kwenye simu.

"Nashon, ulikimbilia wapi?"

"Picha nimezituma kwa basi, mwalimu."

"Mimi siulizi picha."

"Jibu nililisikia. Lilikuwa na sauti nzuri."

"Kumbe wewe ulifikiri ile... Nashon, ngoja nikueleze."

"Dakika tatu zimekwisha," alisema opereta, na simu ikakatika.

Nashon angeweza kuomba aunganishwe tena, lakini hakuomba. Hasira hasara, kila mtu anajua, ila aliyeumia hupenda kukaa peke yake, na mpiga picha ana chumba chake cha giza tayari. Kwa siku nne alijifungia humo kila alipomaliza wateja, akiisafisha na kuisafisha tena picha ile ya mkono ulioinuliwa. Alitaka kuitupa, akashindwa.

Jumamosi, soko la Busia limejaa, alisikia kengele ya shule ikilia mlangoni kwake. Akafungua pazia. Felistus Alungat alikuwa juu ya sanduku la sabuni alilolipata kwa Kanji, katika lile gauni la kijani, kengele mkononi, viatu vyake vyeupe vimeshika vumbi jekundu. Wauza samaki walikuwa wamekwisha kumzunguka, maana Busia haijapata kukosa watazamaji.

"Watu wa Busia, hamjambo," alisema. "Mimi ni mwalimu. Kwetu shuleni watu wakijadiliana hawachagui upande. Wanachota karatasi kwa kofia. Ijumaa mimi nilichota karatasi mbaya. Nikasema maneno ya kofia, na nikasema vizuri sana, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Kuna mtu hapa alisikia upande moja akatoroka."

Macho yote yakahamia kwa Nashon.

"Leo nasema upande ya Alungat. Wanasema mwanamke akivuka mpaka anakuwa mgeni. Mimi nimevuka asubuhi hii. Askari aliuliza nimebeba nini, nikamwambia nimebeba jibu ya mtu, akanipisha. Mama wa ndizi hapo amenisalimu kwa Kiteso. Kama nitakuwa mgeni, nitakuwa mgeni mwenye kelele. Na nikizeeka, nataka nizeeke nikibishana na huyu." Akashuka. "Mpinzani ana dakika mbili."

"Mjibu, bwana," alisema mama mmoja wa samaki. "Mtoto wa watu amesimama juani."

Nashon alipanda. Macho yalikuwa mengi kama yale ya Tororo, lakini safari hii aliyatafuta mawili tu, akasema alichokiona, kama alivyofundishwa.

"Namwona mwalimu. Viatu vyake vina vumbi la nchi mbili. Anauma kifuniko cha kalamu, maana anaogopa nitanyamaza." Alungat akaitoa kalamu mdomoni. "Nilikosa. Nilisikia nusu, nikaondoka na nusu. Nimekaa na picha yako gizani siku nne, na hata nilipodhani inanikataa sikuweza kuitupa. Sina upande wa kupinga. Nakupenda, Alungat. Nisamehe."

Alungat alitazama saa yake, asiione vizuri kwa machozi.

"Karibu dakika moja," alisema. "Umeendelea."

Akafungua mkoba na kumpa ile barua yake ya mistari minne. Chini yake, kwa wino mwekundu, paliandikwa neno moja, Ndiyo, kisha alama, kisha tarehe. Tarehe ilikuwa ya Alhamisi, siku moja kabla ya mdahalo. Nashon aliisoma mara mbili akiwa bado juu ya sanduku.

"Tisa juu ya kumi," alisema. "Hiyo moja imekwenda wapi, mpenzi?"

"Iko Mukuju, kwa baba yangu. Jumapili ijayo utakuja kuitafuta." Akampa mkono ashuke. "Vaa ile tai. Na kule hakuna sanduku."